Fundi wa Senema za Vijiji: Kazi ya Meja Notcutt wa Vugiri

Siku hizi hapa Litapunga ni vigumu kumpata kijana asiyejua senema. Jioni, kazi za shamba zikiisha, utawaona wamekusanyika, vichwa vimeinamia simu moja ya mkononi, au wamejaa katika kibanda cha video, wakitazama watu wa mbali wakipigana, wakipendana na kulia. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tumekaa nao, tukacheka na kuhuzunika pamoja nao. Lakini mara nyingi tulipokuwa tukitoka tumejiuliza neno moja: Mbona katika picha nyingi za namna hii mtu wa kijiji haonekani ila kwa namna mbili? Ama ni mjinga aliyefika mjini na mzigo wake kichwani, watu wamcheke. Ama ni mnyonge anayekaa kungoja mwenye elimu aje kumwokoa.

Desturi hii haikuanza jana, na mtu akitaka kujua maji yamechafuka wapi hana budi kupanda mpaka penye chemchemi. Kwa hiyo tumependa kuandika habari za mtu aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kutengeneza senema za maisha ya vijiji katika nchi yetu. Jina lake ni Meja L. A. Notcutt, Mwingereza. Twataka kuipima kazi yake kama mtu apimavyo debe la mahindi sokoni, bila kuongeza kwa upendo wala kupunguza kwa chuki.

Meja Notcutt hakuanza kama fundi wa senema. Katika mwaka 1926 alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki. Kazi ya mkonge wazee wetu waijua, kwa maana watu wengi wa magharibi ya Tanganyika walikwenda kuifanya huko Tanga, nao waliitwa manamba. Walikaa mbali na wake zao na wazazi wao, na wengi hawakuvumilia. Notcutt aliwaza kwamba kama watu hao wangeonyeshwa senema katika kambi zao, wangeridhika na kukaa kazini. Msomaji alitie moyoni neno hili, maana litatufaa mbele. Senema hiyo ilianza katika shauri la msimamizi wa shamba aliyetaka watu wake watulie.

Baadaye likatokea jambo jingine. Katika mwaka 1932 Baraza la Kimataifa la Misioni lilimtuma Bwana J. Merle Davis na wenzake kuchungua habari za migodi ya shaba katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Waliona ya kuwa aliyekwenda mgodini na aliyebaki kijijini walikuwa wakiachana katika mawazo kila mwaka, na wengi wa kijijini hawakujua kusoma barua wala gazeti. Davis akafikiri kwamba senema ingeweza kuwafundisha watu hao kwa macho. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, migodi na Serikali za hapa zikasaidia, na katika mwaka 1935 kazi ikaanza. Kwa Kiswahili twaweza kuiita Jaribio la Senema ya Mafunzo kwa Wabantu. Mkuu wa kutengeneza picha alikuwa Notcutt. Mkuu wa mafunzo alikuwa Bwana G. C. Latham, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Wakafanya makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara, si mbali na Korogwe.

Sasa na tuanze kwa sifa, kwani mtu akiikosoa kazi asiyoisifu mahali pake hasikilizwi.

Sifa ya kwanza ni kwamba Notcutt aliitoa senema Ulaya akaileta penye udongo wetu. Kabla ya hapo, picha nyingi zilizoonyeshwa katika Afrika zilionyesha watu wa Ulaya na Marekani katika nyumba zao na magari yao. Notcutt aliona kwamba mtu hujifunza upesi zaidi akiona shamba lililo kama lake, na jembe lililo kama lake, na watu wenye sura kama za jirani zake. Waliocheza katika picha zake walikuwa Waafrika, na mahali palikuwa nyumba na mashamba ya nchi hizi. Jambo hili leo laonekana dogo. Wakati ule lilikuwa kubwa.

Sifa ya pili ni juhudi. Kwa muda wa miaka miwili tu, tangu 1935 hata 1937, walitengeneza picha fupi 35. Walitumia utepe mwembamba wa milimita 16, kwa maana ulikuwa rahisi kwa bei kuliko ule mpana wa majumba makubwa ya senema. Sauti haikuwa ndani ya utepe, bali ilitiwa katika santuri, ili picha ile moja iweze kusemewa kwa Kiswahili mahali hapa na kwa lugha nyingine mahali pale. Kisha wakapakia mashine katika lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakionyesha picha usiku penye uwanja. Nani kati yetu aliyefundisha shule ya kijijini asiyejua taabu ya kusafirisha hata sanduku moja la vitabu katika masika? Hatuwezi kuidharau kazi ya namna hii.

Sifa ya tatu, nayo twaiona kuwa kubwa kupita zote, ni kwamba Vugiri palikuwa na vijana Waafrika waliofundishwa kazi ya ndani: kuosha utepe katika dawa, kuukausha, na kusaidia penye mashine. Walionyesha kwamba ufundi ule haukuwa uchawi wa Wazungu. Ni kazi ya mikono na akili kama useremala.

Baada ya sifa hizi, tuje kwenye hadithi zenyewe. Maana sufuria yaweza kuwa nzuri, na moto mzuri, na chakula kikakosa chumvi.

Mojawapo ya picha za Vugiri ilikuwa juu ya Benki ya Akiba ya Posta. Hadithi yake ni fupi. Wafanya kazi wawili wa shamba kubwa wanapokea mshahara. Mmoja anapeleka fedha zake posta, zinaandikwa katika kitabu. Wa pili anazika zake nyumbani, mwizi anazichukua, naye anabaki na huzuni. Mafunzo yake ni wazi kama mchana.

Tulitaka kujua hadithi hii ingepokewaje leo na watu ambao ilitungwa kwa ajili ya watu kama wao. Kwa hiyo jioni moja, baada ya mkutano wa akina mama wa chama cha kuweka na kukopa, tuliomba ruhusa tukawasimulia. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha mama mmoja mtu mzima akauliza:

“Mwalimu, huyo aliyezika fedha, posta ilikuwa mbali gani na kwake?”

Tukajibu, “Mama, hadithi haikuhangaika na jambo hilo.”

“Na kwa nini alizika?”

Tukasema kwamba katika hadithi alizika kwa sababu hakuwa na akili kama mwenzake.

Mama yule akatikisa kichwa. “Hapana, mwanangu. Mtu hazikii fedha ujinga. Mimi nilizika fedha zangu mwaka ule mume wangu alipokuwa kitandani. Ndugu zake walikuwa wakihesabu kila kitu nyumbani, hata kuku. Kama wangeona kitabu cha benki wangesema namngojea afe. Benki nilikuwa naijua. Lakini benki haikujua mambo ya nyumbani kwangu.”

Wenzake wakanyamaza. Nasi tukanyamaza. Katika maneno yale machache mama huyu alikuwa ametunga senema bora kuliko ile ya Vugiri. Hadithi ya Notcutt yajua lililo sawa, lakini haimjui mtu. Yule mwenye kuzika hakupewa mke, wala deni, wala ndugu, wala hofu. Alipewa kosa tu, ili aadhibiwe mbele yetu.

Hapo ndipo tunapoliona tatizo la kazi ile. Hadithi za senema za mafunzo za wakati ule zilipenda kusimama juu ya watu wawili, mwenye hekima na mpumbavu. Mwenye hekima ni yule anayefanya alivyoambiwa na ofisi: anachimba choo, anapanda mbegu alizopewa, anapeleka fedha posta. Mpumbavu ni yule anayefuata mazoea ya nyumbani. Mtazamaji akishaona nani ni nani katika dakika ya kwanza, ameshajua mwisho. Kilichobaki ni kungoja mpumbavu apatwe na msiba.

Huenda msomaji atatujibu kwamba hata katika Injili wamo wenye hekima na wapumbavu: waliojenga juu ya mwamba na juu ya mchanga, na wale wanawali kumi wenye taa. Ni kweli, na mifano hiyo ni mifupi kwa makusudi. Lakini fikirini mfano wa mwana mpotevu. Mle mna mwana aliyepotea, na mwana aliyekaa nyumbani akafanya kila alichoambiwa. Kwa kanuni ya Vugiri huyu wa pili ndiye mwenye hekima, na hadithi ingekwisha kwa kumsifu. Lakini hatumwoni hivyo. Twamwona amesimama nje amekasirika, baba yake akimsihi, na hatuambiwi kama aliingia. Mpaka leo kila asomaye hujiuliza kama yeye mwenyewe angeingia. Hadithi hiyo inaliacha jambo moja mikononi mwa msikilizaji, nayo haichakai. Hadithi inayomaliza kila jambo yenyewe husikilizwa mara moja, na ya pili mtu akaenda kulala.

Tusiseme kwamba mafunzo yale yalikuwa ya uongo. Katika mwaka 1936 Vugiri walitengeneza picha juu ya safura. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa ngozi ya miguu, mtu akikanyaga udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, na choo kizuri hukata njia yao. Hayo yalikuwa kweli mwaka 1936 na ni kweli leo. Mwalimu yeyote aliyeona mtoto mwenye uso uliopauka, anayesinzia darasani kwa sababu damu yake imepungua, hawezi kuicheka picha ile. Hatusemi Notcutt alifundisha vibaya. Twasema kwamba mafunzo ni kitu kimoja na hadithi ni kitu kingine, na mtu akizichanganya bila uangalifu huharibu zote mbili.

Picha nyingine, nayo ni ya mwaka 1936, yatugusa sisi wa pande hizi zaidi ya zote. Ni ile ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Yaonyesha jinsi watu walivyowekwa katika mashamba yaliyopimwa, wakalima kwa utaratibu mpya chini ya uangalizi. Katika zile 35 ni chache zilizohifadhiwa Uingereza hata leo, na hii ni mojawapo, pamoja na ile ya safura na nyingine juu ya mafunzo ya Waafrika katika uganga wa mifugo. Katika picha ya Kingolwira kila kitu kiko mahali pake. Mistari imenyoka. Watu wanafanya kazi.

Sasa, ni nani ajuaye zaidi kuliko sisi maana ya kuhamishwa na kupimiwa shamba? Katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Waingereza ilikusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi makubwa kwa sababu ya malale, wakaacha vijiji vyao kwa mbung'o na msitu. Katika miaka ya 1970 wakimbizi kutoka Burundi walifika upande huu wa Katumba, wakapewa mapori wayafyeke, wakayafanya mashamba. Katika miaka ya 1970 vilevile, katika nchi nzima, watu walihamishiwa vijiji vipya vya ujamaa. Basi kila mzee wa hapa ana hadithi ya kuhama, yake au ya baba yake. Na tukiwauliza wazee hao wanakumbuka nini, hawaanzi kwa mistari ya shamba. Mmoja anataja kaburi la mama yake lililobaki mahali ambapo sasa hapana njia. Mwingine anataja mwembe. Mwingine anasema kwamba siku ya kwanza alipolala mahali papya hakujua mashariki iko upande gani, akaamka akaona jua limetokea mahali pasipostahili.

Kamera ya Vugiri ilisimama Kingolwira ikaona mashamba. Mambo haya haikuyaona, kwa maana haikutumwa kuyatazama. Yeye aliyelipa alitaka kuonyesha kwamba mpango ulikuwa mwema, na labda ulikuwa mwema. Lakini senema ya maisha ya kijiji isiyojua kwamba mtu huacha kaburi nyuma yake si senema ya maisha. Ni taarifa ya ofisi iliyotiwa picha.

Mwisho wa kazi ya Notcutt hapa ulikuja upesi. Katika mwaka 1937 fedha za jaribio zilikwisha, na Serikali za nchi hizi hazikukubali kutoa nyingine ili kazi iendelee. Notcutt na Latham wakaandika kitabu cha taarifa yao, wakashauri kwamba senema za Waafrika zitengenezwe papa hapa Afrika. Shauri hilo lilikuwa jema, nasi twamheshimu kwalo. Lakini lori lilisimama, na Vugiri pakanyamaza.

Baada yao kikaja Kitengo cha Senema cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939, na mkuu wake alikuwa William Sellers, aliyewahi kufanya kazi ya afya katika Nigeria. Sellers alifundisha kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo kila jambo lionyeshwe polepole na kwa urefu. Katika mambo ya senema za wakati ule husimuliwa habari ya picha moja juu ya usafi, iliyoonyeshwa kijijini. Watu walipoulizwa wameona nini, walijibu, “Kuku.” Mabwana wakashangaa, maana wao hawakujua kwamba katika picha ile mlikuwa na kuku. Wakaitazama tena polepole, wakamwona kweli, amepita pembeni kwa nukta chache akakimbia.

Wengi wameisimulia habari hii ili kuonyesha kwamba watu wa kijijini hawakujua kutazama. Sisi twaona kinyume. Watu wale walijua kutazama kuliko wenye picha, ambao hawakumwona kuku katika kazi ya mikono yao wenyewe! Tena, katika picha ile yote, kuku yule peke yake hakuwa akimfundisha mtu. Wengine wote walikuwa wakifanya walivyoagizwa. Kuku alikuwa na shughuli zake. Jicho la mwanadamu huenda penye uhai, na siku ile uhai ulikuwa kwa kuku.

Huenda msomaji akafikiri kwamba mambo hayo yalikwisha pamoja na utawala wa Waingereza. Hayakwisha. Katika miaka ya 1970, nchi ikiwa huru, Shirika la Filamu Tanzania lilitengeneza senema iitwayo Fimbo ya Mnyonge. Humo kijana anakwenda mjini, anakosa kazi na kupata taabu, kisha anapata maisha mema katika kijiji cha ujamaa. Bendera ilikuwa yetu, na lugha yetu, na waliocheza ni ndugu zetu, nasi tulifurahi kwa haki. Lakini angalieni mifupa ya hadithi: mwenye hekima ni yule anayefika mahali ofisi ilipomtakia afike. Nyumba imepata mwenyeji mpya, lakini nguzo ni zile zile za Vugiri.

Je, yawezekana kufanya vingine? Yawezekana, na ili tusiseme maneno matupu tutatoa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa nyumbani.

Wa mbali ni wa Bara Hindi, nchi ambayo senema zake watu wetu wamezipenda tangu zamani. Kusini mwa nchi hiyo, katika jimbo la Watamil, yuko fundi aitwaye Bharathiraja, aliyezaliwa kijijini mwaka 1941. Kabla yake senema nyingi za Kitamil zilipigwa ndani ya majumba ya kazi huko Madras, na kijiji kilikuwa cha mbao na rangi. Katika mwaka 1977 Bharathiraja alitoa senema yake ya kwanza, 16 Vayathinile, akapeleka kamera kijijini kwenyewe, penye vumbi. Ni habari za msichana aitwaye Mayil, aliyefaulu mtihani wake na anatamani kuwa mwalimu. Kijijini yuko kijana kiwete ambaye watu humcheka na kumwita kwa kilema chake, naye anampenda kwa uaminifu. Mayil hamtazami. Moyo wake unamwendea bwana mganga wa mifugo aliyetoka mjini, mwenye mavazi safi na maneno mazuri. Bwana huyo anamdanganya, kisha anakwenda zake.

Msomaji amekwisha kuona tofauti. Huko Vugiri mwenye elimu ya mifugo ni mfano wa kufuatwa. Hapa elimu ni ile ile, na mtu ni mwongo, na yule aliyechekwa na kijiji kizima ndiye mwenye moyo. Wala kijiji chenyewe hakikusifiwa bure, kwa maana wamo wasengenyaji na wakatili. Na mwishoni hatuonyeshwi arusi. Kijana yule amefungwa gerezani kwa sababu ya kumtetea Mayil, naye Mayil anakaa kituo cha gari moshi akingoja arudi. Sisi wa Mpanda, ambako reli inakomea, twajua kungoja treni ni nini. Twamwelewa msichana yule bila kujua neno moja la lugha yake. Miaka mingi baadaye, katika mwaka 1994, fundi huyo huyo alitoa Karuththamma, juu ya watoto wa kike wanaouawa wakizaliwa kwa sababu ya hofu ya mahari, ambayo huko hutolewa na upande wa mwanamke. Hayo pia ni mafunzo, tena makali. Lakini anayafundisha kwa kutuingiza nyumbani mwa watu, penye umaskini na hofu yao, wala hatuwekei wapumbavu barabarani tuwarushie mawe.

Mfano wa nyumbani ni Arusi ya Mariamu, senema fupi ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mariamu ni mke kijana anayeugua, hospitali haikumponya, na mume wake ataka aende kwa mganga wa kienyeji. Lakini Mariamu anawaogopa waganga kwa jambo lililompata utotoni, katika kifo cha baba yake. Sisi walimu wa Kikristo twaweza kubishana na jinsi hadithi ile ilivyokwisha, na wasomaji wetu wengi watabishana nayo. Hata hivyo twasema wazi kwamba senema hii tusiyokubaliana nayo imetuheshimu kuliko nyingine tunazokubaliana nazo. Mariamu ana hofu yenye sababu, na sababu ina mizizi. Hakuwekwa pale awe mpumbavu wa mtu. Tukitaka kumjibu, yatupasa kwanza kumsikiliza.

Basi tutoe hukumu yetu juu ya Meja Notcutt. Twasema alikuwa mtu wa kazi, aliyefungua mlango ambao kabla yake haukufunguliwa katika nchi hii, akaonyesha kwamba kijiji cha Mwafrika chastahili kuwa katika senema, na kwamba kijana Mwafrika aweza kushika ufundi wake. Kwa hayo twamshukuru. Lakini alikuja kijijini akiwa na jibu mkononi kabla ya kuuliza swali. Ule ukoo wa shamba la mkonge, kutaka watu watulie, haukumwacha hata mwisho. Alimpiga picha mtu wa kijiji akitenda, lakini mtu huyo akifikiri hakumpiga.

Kwa nini twaandika haya kwa watu wa Litapunga mwaka huu? Kwa sababu mashine ile iliyobebwa kwa lori katika mwaka 1935 sasa imo mifukoni mwa watoto wetu. Hapa kijijini tumewaona vijana wakipiga picha za mchezo wao wenyewe kwa simu, nyuma ya nyumba, na mchezo wenyewe ulikuwa huu: mzee wa shamba anakwenda mjini, anaanguka mbele ya duka, watu wanacheka. Wajukuu wa wakulima wanamcheka babu yao kwa mchezo waliofundishwa na wageni, wala hawajui kwamba walifundishwa!

Enyi vijana, hatuwakatazi. Pigeni picha. Chekesheni pia, kwa maana kijiji kina mambo ya kuchekesha kuliko mji. Lakini kabla ya kuanza, nendeni mkae na mama yule aliyezika fedha zake. Muulizeni kwa nini alizika, kisha nyamazeni mpaka amalize. Nanyi wazazi na walimu wenzetu, watoto wakija kuwauliza habari za kuhama kwenu, za makaburi na miembe mliyoiacha, msiwafukuze mkisema hayo ni mambo ya zamani. Wapeni kigoda waketi. Mkiwanyima hadithi hizo, watakwenda kuchukua za kibandani, na huko mtu wa kijiji angali anaanguka mbele ya duka.